Bu Bu Jing Xin (tamthilia ya 2011)

Bu Bu Jing Xin, ambayo nje ya China hujulikana zaidi kwa jina la Scarlet Heart, ni tamthilia ya mapenzi ya kihistoria yenye vipindi 35. Ilianza kuonyeshwa na televisheni ya Hunan tarehe 10 Septemba 2011. Chanzo chake ni riwaya ya Tong Hua iliyoanza kutoka mtandaoni mwaka 2005, na mwongozaji wake ni Lee Kwok-lap. Liu Shishi aliigiza Ma'ertai Ruoxi, mhusika mkuu. Nicky Wu akawa Mwanamfalme wa Nne, Yinzhen. Kevin Cheng akawa Mwanamfalme wa Nane, Yinsi. Liu Songren aliigiza Kaizari Kangxi.

Hadithi

Zhang Xiao, binti wa mjini wa siku hizi, anapata ajali na kuzinduka akiwa ndani ya mwili wa Ruoxi, msichana wa Kimanchu anayeishi Beijing mwaka 1704. Dada yake, Ruolan, ni mke mdogo wa Yinsi, naye hampendi mumewe hata kidogo. Katika nyumba hiyo Ruoxi anazoeana na wana wa Kaizari, kisha anachukuliwa kasrini na kufanywa mwandalizi wa chai wa Kangxi mwenyewe. Anampenda Yinsi kwanza. Wakiwa mbugani nje ya Ukuta Mkuu anamtaka aachane na mbio za kugombea kiti cha enzi, naye anakataa. Penzi linaishia hapo. Baadaye moyo wake unamwendea Yinzhen, ambaye yeye anajua tayari kwamba ndiye atakayetawala kwa jina la Yongzheng kuanzia 1722.

Mgogoro unaoizunguka hadithi ni wa kweli. Kangxi alimvua mwanawe Yinreng cheo cha mrithi mwaka 1708, akamrudishia mwaka uliofuata, akamvua tena mwaka 1712, na safari hiyo hakutangaza mwingine. Wanawe wakagawanyika makundi. Yongzheng alipokalia kiti, Yinsi alivuliwa cheo akafia kizuizini mwaka 1726. Mwanamfalme wa Tisa alikufa mwaka huohuo, naye pia mfungwa. Yule wa Kumi na Nne, ndugu wa Yongzheng baba mmoja mama mmoja, alikaa chini ya ulinzi mpaka kaizari huyo alipofariki mwaka 1735.

Kujua bila kuweza

Kisa cha mtu wa leo kuangukia enzi za kale hakikuwa kigeni kwa watazamaji wa China. Mapema mwaka huohuo televisheni ya Hunan ilikuwa imeonyesha Gong, tamthilia iliyomtupa msichana wa leo katika kasri lilelile la Kangxi, na mamlaka ya utangazaji ilikuwa imekwisha kuzikemea tamthilia za namna hiyo kwa kuifanyia historia mzaha. Bu Bu Jing Xin nayo huanza kwa mzaha. Ruoxi anapigana hadharani na binti wa ukoo mkubwa, na anapoulizwa na Kangxi kwa nini anamwita mtawala mwenye hekima, anajiokoa kwa kukariri shairi la Mao Zedong, lililoandikwa zaidi ya miaka 200 baada ya siku hiyo. Vipindi vya mwanzo ni vyepesi kiasi kwamba mtazamaji asiye na subira anaweza kuvidharau.

Wepesi huo ni mtego. Ruoxi amesoma historia, kwa hiyo anajua nani atapanda na nani ataangamia, na katika tamthilia nyingi ujuzi kama huo ungemfanya mshindi. Hapa unamtia sumu. Baada ya kuachana na Yinsi, huruma inamsukuma amwonye ajihadhari na Yinzhen. Yinsi anaufanyia kazi ushauri huo: anamtegea Yinzhen mtego wa kisiasa, lakini anayeingia ni Mwanamfalme wa Kumi na Tatu, aliyejitwisha kosa ili kumwokoa kaka yake, na anafungwa miaka kumi. Huyo ndiye rafiki wa dhati wa Ruoxi. Miaka inapita kabla hajatambua kwamba neno lake moja, alilolisema kwa upendo, ndilo lililomfungia rafiki yake mlango. Kuanzia hapo hakuna adui wa nje wa kulaumiwa, na mapenzi yake na Yongzheng hayana pa kusimama. Mfumo huu, ambamo historia inatimia kwa mkono wa yule aliyetaka kuizuia, ndio unaoifanya kazi hii istahili kutazamwa tena hata na anayeujua mwisho. Pengine huyo ndiye anayefaidi zaidi.

Liu Shishi anaubeba mzigo huo kwa utulivu. Alisomea dansi ya balei, na mafunzo hayo yanaonekana: anavyopiga magoti, anavyobeba sinia, anavyojifunza kupunguza hatua na kuinamisha macho, mpaka kufikia vipindi vya katikati binti mkorofi wa mwanzoni amefutika bila mtu kutangaza. Nicky Wu, kwa upande wake, hutumia sura isiyosema kitu. Ruoxi anapopiga magoti kwenye mvua kumwombea Mwanamfalme wa Kumi na Tatu, Yinzhen anautupa mwavuli na kusimama karibu naye alowane. Hawazungumzi. Hakuna tukio la mapenzi katika vipindi vyote 35 linalolifikia hilo.

Kasoro

Udhaifu mkubwa ni kwamba karibu kila mwanamume mwenye cheo anamtamani au kumhusudu mtu mmoja, Ruoxi. Wa Nane, wa Nne, wa Kumi, wa Kumi na Nne: foleni ni ndefu, na tamthilia haijishughulishi kueleza kwa nini. Riwaya hujitetea kwa kutupatia mawazo ya Ruoxi kutoka ndani; kamera haina njia hiyo, basi inategemea machozi na muziki, na katika theluthi ya mwisho machozi yanazidi kiasi. Wake halali wa wanamfalme hawa wamebaki pembeni wakisubiri kuonewa wivu au kuonea wivu.

Siasa nayo inapita nje ya fremu. Mwaka 1714 Yinsi alimpelekea baba yake kozi wawili wa kuwindia ambao walifika wakiwa mahututi, na Kangxi aliona ni matusi kwa uzee wake. Kisa hiki kinatumika vizuri. Lakini mageuzi ya kodi na vita vya magharibi hayafiki chumba cha chai. Yongzheng ambaye wanahistoria wanamjua kwa kufanya kazi usiku kucha juu ya ripoti za majimbo anaonekana hasa kama mpenzi mwenye kinyongo. Hata kifungo cha miaka kumi cha Mwanamfalme wa Kumi na Tatu kimekuzwa: kumbukumbu zinaonyesha kwamba alipoteza fadhila za baba yake baada ya 1708, si kwamba alifungiwa muda wote huo.

Kuna pia suala la umri. Mwaka 1704 Yinzhen alikuwa na miaka 26 na Yinsi 23. Walioigiza walikuwa wamefika au kupita 40. Hadithi inapofika 1725 hesabu inakaa sawa, lakini mwanzoni mtazamaji hulazimika kufumba jicho moja. Ruoxi mwenyewe hazeeki kwa miaka zaidi ya ishirini, isipokuwa kikohozi.

Mwisho umegawa watazamaji. Ruoxi, aliyeachana na Yongzheng na sasa ni mke wa Mwanamfalme wa Kumi na Nne kwa jina tu, anamwandikia Yongzheng barua ya kumwita. Mumewe anaitia ndani ya bahasha nyingine yenye mwandiko wake mwenyewe. Yongzheng, kwa wivu, haifungui, naye Ruoxi anafariki akingoja. Tamthilia ingeweza kukoma hapo. Badala yake Zhang Xiao anaamka hospitalini, anakwenda kwenye maonyesho ya vitu vya nasaba ya Qing, na anakutana na mwanamume mwenye sura ya Yinzhen asiyemtambua. Wapo wanaoliona tukio hilo kuwa pigo la mwisho la kisu. Kwa makala hii ni nyongeza: barua ilikuwa imekwisha kusema yote.

Baada yake

Mwendelezo wa 2014 uliwahamishia waigizaji wakuu wawili katika China ya leo, yaani ukaondoa kile hasa kilichoipa hadithi nguvu. Liu Shishi na Nicky Wu walifunga ndoa mwaka 2015. Mwaka 2016 Korea Kusini ilitoa toleo lake lenye vipindi 20, Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo, likiwa na Lee Joon-gi na IU, na kuipeleka hadithi enzi ya Goryeo katika karne ya 10. Lina picha nzuri na waigizaji vijana zaidi, lakini binti wa toleo hilo anaijua historia ya enzi hiyo kidogo tu na kuipata kwa njozi za ghafla. Kwa sababu hiyo yanayowapata wenzake yanabaki kuwa mambo anayoyashuhudia, ilhali Ruoxi wa 2011 aliyasababisha.