Richard Saul Wurman na Usanifu wa Habari

Mswahili asiyefahamu jambo husema: "Halinielei." Kiima cha sentensi hiyo ni jambo, wala si mtu, jambo ndilo lisilotokeza wazi mbele yake. Katika kitenzi hicho cha kuelea ndimo vilimotoka kuelewa na kueleza, na kueleza si kingine ila kulifanya jambo lielee. Kiingereza humtanguliza mtu, na kwa hiyo aibu ya kutofahamu humwangukia yeye. Msanifu majengo Richard Saul Wurman aliandika vitabu vyake vyote kwa Kiingereza, lakini wazo lililoongoza kazi yake lakaribiana mno na sarufi ya Kiswahili: ukurasa usipoeleweka, wa kulaumiwa kwanza ni ukurasa.

Wurman alizaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 26 Machi 1935. Alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania hadi mwaka 1959, kisha akafanya kazi katika ofisi ya Louis Kahn, msanifu mashuhuri wa mji huo. Mwaka 1962 yeye na mchapaji Eugene Feldman walitoa kitabu cha michoro na maandishi ya Kahn. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima kwa mwalimu. Iliyofuata ilikuwa yake mwenyewe.

Alikuwa ameanza kufundisha Raleigh, katika chuo cha jimbo la North Carolina, naye hakuwa bado amefika umri wa miaka thelathini. Huko alikutana na tatizo dogo ambalo wengi walikuwa wamelizoea hata wasilione tena. Ramani za miji zilikuwepo tele, lakini kila moja ilichorwa kwa kipimo chake. Mji mdogo uliojaza ukurasa ulionekana sawa na mji mkuu uliojaza ukurasa wa pili. Basi wanafunzi wakaifinyanga miji 50 kwa udongo wa kuchezea, yote kwa kipimo kimoja cha 1:14,400, yaani kila kilomita ikawa karibu sentimita 7, iwe ni Versailles ya Ufaransa au Savannah ya Marekani. Picha za vifinyango hivyo zikawa kitabu mwaka 1963.

Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini, maana ndani yake mna kazi nzima ya maisha yake. Hakuna mji uliopimwa upya. Hakuna habari hata moja iliyoongezwa juu ya zile zilizokuwa tayari katika maktaba. Kilichobadilika ni kwamba sasa jicho liliweza kulinganisha, na bila kulinganisha, ukubwa wa kitu haujulikani. Mwaka 1966 yeye na Joseph Passonneau waliitumia njia hiyohiyo katika atlasi ya miji 20 ya Marekani, wakaonyesha kwa rangi msongamano wa watu na kipato chao. Mtaa maskini na mtaa tajiri vilionekana katika ukurasa mmoja, kwa kipimo kimoja, ambapo zamani vilikuwa tarakimu katika majedwali ya serikali.

Kazi ilitangulia, jina lilichelewa kuja. Mwaka 1976 chama cha wasanifu majengo wa Marekani kilikutana Philadelphia, Wurman akiwa mwenyekiti wa mkutano, na mada aliyoichagua ilikuwa usanifu wa habari. Neno usanifu hapa lisichukuliwe kwa maana ya urembo. Alitaka kuwatenga wanaopamba karatasi na wanaoipanga, kama vile mpaka rangi asivyokuwa mjenzi, hata akiwa fundi hodari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kuhamia Los Angeles, mji aliokuwa akipotea ndani yake, alitunga kitabu cha kuwaongoza wageni. Vitabu vya namna hiyo vilizoea kuweka hoteli zote mahali pamoja, migahawa mahali pengine, majumba ya makumbusho mwishoni. Lakini mgeni hatembei kwa sura za kitabu, hutembea barabarani. Wurman akapanga kila kitu kwa mtaa, na rangi ya maandishi ikatambulisha aina ya mahali. Kitabu hicho kilizaa vingine vya miji mingi.

Mwaka 1989 alitoa kitabu kuhusu wasiwasi unaoletwa na wingi wa habari. Humo mna dai lililosambaa sana, kwamba toleo moja la gazeti la New York Times lina habari nyingi kuliko alizozipata Mwingereza wa kawaida wa karne ya 17 katika maisha yake yote. Dai hilo halina kipimo. Mkulima aliyejua kila mti, mvua na jamaa wa kijiji chake hakuwa mtu mtupu. Ajabu ni kwamba limetoka kwa mtu aliyetaka kila kitu kipimwe kwa kipimo kimoja.

La nguvu zaidi ni fundisho lake kwamba habari hupangwa kwa njia tano tu: mahali, alfabeti, wakati, aina, na daraja. Herufi za kwanza za maneno hayo katika Kiingereza huunda neno lenye maana ya komeo. Mwanaisimu anayeshughulikia kamusi hatakosa kusita hapa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 huweka nomino nyingi chini ya kitenzi zilikotoka, hata mpenzi na upendo vikakaa pamoja na penda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hufuata herufi ya kwanza, na ndugu hao wakatengana. Zote mbili ni za alfabeti. Undugu wa mzizi utaingia katika njia ipi kati ya zile tano? Mtu atajibu: aina. Lakini aina ikibeba kila kisichopata pengine, basi imekuwa kapu.

Mkutano wa TED, alioanzisha na Harry Marks mwaka 1984 huko California, ulipata sifa duniani kuliko vitabu vyake. Aliuuza mwaka 2001. Neno lake nalo likachukuliwa. Mwaka 1998 Louis Rosenfeld na Peter Morville walitoa kitabu kuhusu usanifu wa habari katika intaneti, na tangu hapo wengi hulitumia kwa maana finyu zaidi, ya kupanga kurasa za kompyuta. Wurman mwenyewe alirudi kwenye miji. Mwaka 2013, pamoja na kampuni ya ramani ya Esri, alionyesha chombo cha kompyuta kinachoweka ramani za miji ya dunia ubavu kwa ubavu, zote kwa kipimo kimoja.