Nani Aliigawa Kupro?

Nicosia, mji mkuu wa Kupro, ina nyumba mbili za makumbusho ambazo ni vigumu kumpata mtoto wa shule aliyepelekwa zote mbili. Ya kwanza iko kusini, upande wa Wagiriki, jirani na jumba la Askofu Mkuu. Humo wanakumbukwa wapiganaji tisa wa EOKA, kundi la Wagiriki lililopigana na utawala wa Uingereza, walionyongwa na Waingereza mwaka 1956 na 1957, na kitanzi kimewekwa mbele ya macho ya mgeni. Ya pili iko kaskazini, upande wa Waturuki, nayo ni nyumba ya daktari wa jeshi la Uturuki ambaye mkewe na watoto wake watatu waliuawa bafuni mwezi Desemba 1963. Ukutani kuna picha ya maiti zao ndani ya beseni la kuogea.

Hakuna nyumba inayodanganya kati ya hizo mbili. Walionyongwa walinyongwa kweli, na wale watoto waliuawa kweli. Ugomvi wa Wakupro ni juu ya mahali pa kuanzia hadithi, na katika mabishano ya aina hii anayechagua mwanzo huwa ameshamchagua mkosaji.

Wagiriki wa Kupro husimulia hivi. Kisiwa ni cha Kigiriki tangu kale, kikapitia mikono ya watawala wengi, hadi Waosmani walipokitwaa kutoka kwa Wavenice mwaka 1571 na kuleta walowezi kutoka Anatolia. Hata hivyo wanakijiji wa dini mbili waliishi kwa ujirani mwema mpaka Mwingereza alipowachonganisha na Uturuki ikavamia. Kwa hiyo mgawanyiko una siku yake, tarehe 20 Julai 1974. Vizazi vya wanafunzi wa kusini wameandika katika madaftari yenye picha za miji na makanisa ya kaskazini, na juu yake maneno yanayosema "Sisahau".

Waturuki wa Kupro huanzia kwingine. Kwao mwaka 1571 ndio walipopata haki ya kuwa wenyeji, na balaa ni ile ndoto ya Wagiriki ya kukiunganisha kisiwa na Ugiriki. Katika kura iliyosimamiwa na Kanisa mwaka 1950, asilimia 96 hivi ya Wagiriki waliopiga kura waliukubali muungano huo. EOKA ikaanza vita mwaka 1955. Uhuru ukaja mwaka 1960 kwa katiba ya kugawana madaraka, na miaka mitatu baadaye Rais Makarios akataka kuirekebisha katika vipengele 13. (Ni Makarios huyohuyo ambaye chuo cha makasisi wa Kiorthodoksi huko Riruta, Nairobi, kinabeba jina lake.) Damu ilimwagika tarehe 21 Desemba 1963. Waturuki wapatao 25,000 wakahama makwao, na wengi wa jamii yao wakabanana kwenye maeneo madogo yaliyozingirwa, baadhi yao kwa miaka 11. Kwa masimulizi haya, mwaka 1974 ni mwaka wa kuokolewa. Ndiyo maana alfajiri ya kila tarehe 20 Julai ving'ora vya maombolezo hulia kusini, na kaskazini siku hiyohiyo ni sikukuu yenye gwaride.

Nikiyaweka masimulizi haya mawili sambamba, naona kila upande unasema kweli pale unapoeleza makosa ya mwenzake. Waturuki wana haki kusema kwamba mpasuko ulikuwapo kabla ya mwaka 1974, kwani mstari unaoigawa Nicosia ulichorwa kwa penseli ya kijani juu ya ramani na Meja Jenerali Peter Young, Mwingereza, tarehe 30 Desemba 1963. Wagiriki nao wana haki kusema kwamba mpasuko na kuhamisha umma ni mambo tofauti. Baada ya mapinduzi yaliyochochewa na utawala wa kijeshi wa Athens tarehe 15 Julai 1974, na majeshi ya Uturuki kushuka siku tano baadaye, Wagiriki wasiopungua 160,000 walikimbilia kusini, na Waturuki zaidi ya 40,000 wakaishia kaskazini. Hapo ndipo vijiji vilivyokuwa na msikiti na kanisa vilipobaki na kimoja.

Yapo masimulizi ya tatu, ya watu wa mrengo wa kushoto wa pande zote mbili, yanayomtwika Mwingereza mzigo wote. Ushahidi wao si haba. Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1882 lilikuwa na viti tisa vya Wakristo, vitatu vya Waislamu na sita vya maofisa wa serikali. Watatu wakijumlishwa na sita wanatosha kuwakabili wale tisa, na kura ya uamuzi ilikuwa ya mtawala. Shule nazo ziliendeshwa na bodi mbili, kila moja kwa dini yake, na walimu na vitabu vilitegemea Ugiriki au Uturuki. Mtoto aliingia darasani akiwa Mwislamu wa Kupro, akatoka akiwa Mturuki.

Msomaji wa Zanzibar hatashangaa. Baraza lililoundwa Unguja mwaka 1926 nalo lilitenga viti kwa Waarabu, Wahindi na Wazungu, na Mwafrika wa kwanza hakuingia humo hadi mwaka 1946. Sisi pia tunabishana kama hesabu ianzie mapinduzi ya Januari 1964, ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 au mbali zaidi.

Lakini hoja ya Mwingereza hainitoshi. Mwaka 1931 mjumbe mmoja Mturuki, Necati, alipiga kura pamoja na Wagiriki kukataa kodi, na ule mpango wa tisa kwa tisa ukavunjika. Mwaka 1948 wachimba madini wa Kigiriki na wa Kituruki waligoma bega kwa bega kwa miezi kadhaa. Kabla ya hapo walikuwapo Walinobambaki, watu waliokuwa na jina la Kikristo na la Kiislamu kwa pamoja, wakabatiza na kutahiri. Mkoloni aliwapa watu masanduku mawili, ila waliowasukuma ndani na kupiga misumari walikuwa ndugu zao.

Hilo ndilo ambalo masimulizi yote mawili makuu yanakubaliana kulinyamazia. EOKA iliwaua Wagiriki wengi iliowaita wasaliti, wakiwamo watu wa vyama vya wafanyakazi. Ayhan Hikmet na Ahmet Muzaffer Gürkan, wahariri wa gazeti la Kituruki lililotetea ushirikiano, waliuawa Aprili 1962. Aprili 1965 Derviş Ali Kavazoğlu, Mturuki, na rafiki yake Mgiriki Costas Mishaoulis walipigwa risasi pamoja ndani ya gari moja, na lawama zikaelekezwa kwa TMT, kundi la siri la Waturuki. Waliokufa hivi hawana pa kutundikwa katika zile nyumba mbili, kwa sababu vifo vyao vinathibitisha kwamba kulikuwa na njia nyingine na kwamba ilizibwa kwa makusudi. Kwangu mimi, mgawanyiko ulikamilika pale ilipokuwa hatari kusema hadharani kwamba jirani si adui. Kufika Desemba 1963 hatari hiyo ilikuwa tayari ipo katika kila upande.

Majaribio ya kuandika upya yamefanyika. Mwaka 2004 serikali ya mrengo wa kushoto ya kaskazini ilitoa vitabu vipya vya historia vilivyoonyesha mateso ya pande zote, na mwaka 2009 serikali nyingine ikaviondoa. Kusini, kila lilipotajwa suala la kurekebisha mtaala, Kanisa lilikuwa mstari wa mbele kupinga.

Kazi inayoendelea ni ya Kamati ya Watu Waliopotea, iliyoundwa mwaka 1981 chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Orodha yake ina watu 2,002, Wagiriki 1,510 na Waturuki 492, waliotoweka mwaka 1963 na 1964 na mwaka 1974. Wanasayansi wa jamii zote mbili huifukua mifupa pamoja, wakaipanga mezani na kuilinganisha na vinasaba vya jamaa walio hai. Zaidi ya nusu wamekwisha kutambuliwa na kurudishwa kwa familia zao. Lakini masharti ya kazi hiyo yanaikataza kamati kutaja chanzo cha kifo au aliyeua. Familia hukabidhiwa mifupa na jina, na fuvu lenye tundu la risasi huzikwa bila maelezo. Masharti hayo ndiyo yaliyowezesha pande mbili kukubaliana. Hao waliofyatua risasi, kama wako hai, leo ni wazee, na watakapokwisha hatabaki wa kuulizwa.