Merikani, Kaniki na Leso

Nguo nzito ya pamba isiyopaushwa iliitwa merikani kwa kuwa ilitoka Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara uliofanywa na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya huko vya 1861 hadi 1865 viliipunguza sokoni. Ikaja ya Bombay, lakini jina halikubadilika.

Watumwa wengi walivaa merikani, na wajakazi wakajifunga kaniki, nguo ya nili iliyokoza. Kwa hiyo utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani yetu mwaka 1907, msomaji asidhani ya kuwa leso ya rangi ilikuwa pambo tu. Aliyeinunua alikuwa akiivua hali yake ya zamani mbele ya watu.

Hata ufuaji ulizitenga nguo hizo. Kaniki, kwa kuwa ilichuja, ilifuliwa peke yake. Nyeupe zilipigwa jiweni, zikatiwa buluu na uwanga, zikapigwa pasi ya makaa. Mwenye fedha alimpa dobi, neno tulilopewa na Wahindi.

Marehemu nyanya yangu alizifukiza leso zake udi juu ya chetezo. Kaniki haikuingia sandukuni mwake kamwe. Nilipomwuliza sababu, alinitazama tu.