Kutuless: Mishiri ya Thika Ambayo Ulaya Haikuiagiza

Kati ya majina yote ambayo watafiti wa Kenya wamewahi kuupa mmea, ninalolipenda zaidi ni Kutuless. Ni aina ya mishiri iliyotoka kituo cha utafiti cha Thika, enzi zile kikiwa bado chini ya KARI, kabla ya kuitwa KALRO. Jina lenyewe ni Sheng tupu: kutu, ule ugonjwa wa majani, halafu mkia wa Kizungu wa kusema haupo. Kwenye makaratasi iliitwa pia J12, lakini nani atakumbuka J12?

Sasa uliza mkulima wa Thika au Mwea anapanda nini. Atakutajia Amy, Samantha, Julia, Teresa, Serengeti. Wazee wataongeza Monel. Ukisikiliza bila kujua, utadhani ni orodha ya wageni wa harusi Karen. Nyingi ya mbegu hizo zilizalishwa na kampuni za nje. Kenya imepeleka mishiri Ulaya kwa ndege miaka na miaka, na shirika la serikali la kusimamia mazao ya bustani, HCDA, liliundwa 1967. Hata hivyo mbegu huja na jina la mtu ambaye hajawahi kupanda matatu ya Thika.

Kinachoniuma ni kwamba Thika inajua maharagwe. Miaka ya 1970, mradi wa kitaifa wa maharagwe uliwekwa hapo hapo kituoni. Watafiti walikusanya mbegu zilizokuwa mikononi mwa wakulima, wakazipanda, wakazilinganisha, wakachagua zilizo bora. GLP-2 ndiyo Rosecoco yako. GLP-1004 ni Mwezi Moja. GLP-585 ni ile ndogo nyekundu ambayo akina mama sokoni huita Wairimu, na GLP-x92 ni Mwitemania. Yaani madondo unayokula na chapati kwa kibanda Ruiru yana uwezekano mkubwa wa kuwa na asili ya kazi ya Thika, na mwenye kibanda hana habari.

Mishiri ni ndugu wa damu wa madondo, spishi ile ile iliyotoka Amerika na kuingia Afrika Mashariki enzi za Wareno. Tofauti ni kwamba hapa tunakula ganda, likiwa bichi. Ganda la zamani lilikuwa na uzi mgumu pembeni, mpaka mwisho wa karne ya 19, Mmarekani mmoja wa jimbo la New York, Calvin Keeney, alipochagua kwa subira mimea isiyo na uzi. Tangu hapo, historia ya zao hili imekuwa ya kumfurahisha anayetafuna.

Na kulizalisha ni kazi ya macho. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, mara nyingi hata kabla halijafunguka. Ukitaka kuchanganya aina mbili, lazima ulifungue likiwa chipukizi, utoe sehemu za kiume kwa kibano, kisha upake chavua ya mmea mwingine. Maua mengi huanguka tu. Ukipata mbegu, unapanda kizazi baada ya kizazi ukichuja. Kutu nayo hailali: ni kuvu yenye aina nyingi, na mmea unaoshinda aina moja unaweza kuangushwa na nyingine. Vumbi lake la kahawia hubebwa na upepo, na likigusa ganda, ganda hilo halipandi ndege.

Barabara hiyo hiyo, Ruiru, watafiti wa kahawa walikuwa na kutu yao. Mwaka 1985 walitoa Ruiru 11, inayostahimili kutu ya majani na ule ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa. Leo kila mtu wa kahawa anaijua. Mji wangu una mmea! (Sehemu ya mashamba yenyewe ya kahawa sasa ni Tatu City, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.) Kwa nini Ruiru 11 ikapata jina na Kutuless ikabaki kwenye orodha?

Mimi nadhani ni suala la nani anachagua. Kahawa huuzwa ikiwa imekaushwa, na mnunuzi hupima kikombe. Mishiri huuzwa kwa sura: lazima iwe nyembamba, imenyooka, kijani kibichi, saizi sawa ndani ya pakiti. Daraja la juu huitwa extra fine, ganda lisilozidi milimita 6 kwa unene, kisha linafuata fine. Kiswahili kingeandika faini, na shosho yangu angekubali kabisa. Alikuwa na robo eka nje ya Thika. Mishiri huanza kuvunwa kama siku 45 baada ya kupandwa, kisha unachuma kila baada ya siku mbili hivi, kwa sababu ukichelewa tu ganda limenenepa. Wakala alikuja na pikapu, akachambua, na kilichobaki tulikula sisi wiki nzima. "Hii si chakula," aliniambia, "hii ni pesa iliyokataliwa. Kula."

Shosho alipewa mbegu na wakala, bei ikikatwa mwisho. Angeitoa wapi Kutuless?

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za maharagwe na njegere kutoka Kenya, baada ya kukuta mabaki ya dimethoate. Hiyo ni dawa ya wadudu, si ya kutu, lakini mkulima alisikia kitu kimoja: punguza kupuliza. Wakulima wadogo wengi waliachwa, maana vipimo na rekodi ni gharama. Shosho alirudi kwa mahindi na Rosecoco. Mmea usiohitaji dawa nyingi ungemfaa wakati huo kuliko wakati wowote.

Kazi hiyo haijafa. Chuo Kikuu cha Nairobi, kundi la Profesa Paul Kimani limekuwa likichanganya mishiri kutafuta inayostahimili magonjwa kadhaa kwa pamoja, na pia inayopanda juu ya miti. Inayopanda huvunwa kwa muda mrefu zaidi kwenye kipande kile kile cha ardhi. Inahitaji fito tu, na fito shosho anazo.