Nani Ashike Mali

Mgeni akifika Ujiji huonyeshwa mnara na miembe, akasimuliwa jinsi Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, walivyokutana hapo mwaka 1871. Mimi nasoma historia ya biashara kwa shahada ya uzamili, na Ujiji ninayokutana nayo kwenye maandishi ya karne ya 19 ina shughuli nyingine kabisa. Ni mji wa watu wanaoulizana: mali ikishakuwa nyingi kuliko macho ya mwenyewe, nani aishike?

Swali hilo limo katika kisa kifupi cha Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kwenye maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili uzeeni. Alikuwa kijana wa miaka kama 18. Biashara aliianza akiwa na miaka 12, kwa safari za karibu za sandarusi huko pwani. Safari hii alikuja bara na baba yake, Muhammed bin Juma, na walipofika Ujiji wakakuta pembe za ndovu ni ghali. Wenzao wakaamua kuvuka ziwa kwenda Urua. Baba naye akaamua kurudi Tabora, na mali akamkabidhi mtu wa Mrima, kijana afuatane naye tu.

Kijana akagoma. Hakuwa tayari kumfuata mtu baki aliyeshika mali ya baba yake ilhali yeye yupo. Afadhali arudi Tabora. Mwishowe mzee akakubali na kumpa mwanawe mali. Ninavyomwelewa mzee, hakuwa amemdharau mtoto. Alitafuta mtu anayeijua kazi, na akaogopa kuonekana anapendelea damu. Aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya duka la familia anaujua ugomvi huu. Huko Urua, kijana alinunua pembe ndogo zilizokuwa rahisi wakati wenzake waking'ang'ania kubwa, na zikamlipa. Ila lingeweza kutokea kinyume chake, na leo tungekuwa tunamsifu yule mtu wa Mrima.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilikuwa zito, lazima kutazama fedha zilikotoka. Wengi wa waliofika Ujiji walibeba mali ya mkopo, mali kauli kama walivyoiita. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, mmoja wao Taria Topan, waliwapa nguo na shanga, nao wakarudisha pembe baada ya miezi au miaka. Tajiri hakuweza kumsimamia mtu aliye umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Kinga yake ilikuwa kwamba faida iliyobaki baada ya deni ni ya msafiri, na msafiri huyo alitaka kukopa tena. Akitoroka, milango ya Unguja inafungwa.

Sasa mtazame Sherif. Huyu alitumwa kutoka Unguja awe kiongozi wa watu waliompelekea Livingstone nguo na shanga. Livingstone alipoingia Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa na amechoka, hakukuta kitu: Sherif alikuwa ameuza vyote na kununua pembe. Alijitetea kwamba alipiga bao kwa Kurani akaona mwenye mali amekwisha kufa. Livingstone alimwita mwizi, na sina hamu ya kumtetea Sherif. Lakini kama mwanafunzi wa biashara naona kosa lililotangulia wizi. Katika mji ambao kila mshika mali alifanya kazi kwa faida yake, mzigo mkubwa ulikabidhiwa mtu ambaye hakuwa na fungu ndani yake. Mzigo ule haukuwa wa kuzaa chochote, ulikuwa wa kuliwa na mtu mmoja asiyejulikana yuko wapi. Kila siku ya kungoja, pembe zilipita mbele ya Sherif na nguo zilikuwa ghalani.

Na hao wote ni washika mali. Bado hatujawafikia waliobeba.

Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru, mfanyakazi wa ujira. Mzigo wake wa pembe ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Alipatana ujira, sehemu akiipokea mapema, na njiani alidai posho: nafaka, au nguo na shanga za kununulia chakula. Posho ikichelewa, mizigo inakaa chini. Bwana akizidi ukali, usiku watu wanatoweka. (Neno posho bado tunalo, na bado linaleta maneno maofisini.) Wasafiri Wazungu waliandika kurasa nyingi kulalamikia uvivu na utoro wa wapagazi. Nikizisoma naona watu wanaojadiliana bei kwa silaha pekee waliyokuwa nayo, miguu yao.

Tippu Tip alipokua, naye alitorokwa, katika nchi ya Wazaramo. Anaeleza bila haya alichofanya. Alikwenda vijijini mwao, akakamata jamaa zao na wengine aliowakuta, akapata watu 800, akawafunga na kuendelea na safari. Huko wakampa jina la Kingugwa. Ndiye yule yule kijana wa Ujiji aliyedai kwamba mali haishikwi kwa kulazimishwa kumfuata mtu. Biashara yake ilikuwa imekua, madeni yamekua nayo, na gharama iliyokuwa rahisi kuipunguza ilikuwa watu.

Hilo hufichika unapohesabu faida kwa frasila tu. Pembe zilizoshuka Ujiji kutoka ng'ambo ya ziwa mara nyingi zilibebwa na watumwa, na bei iliyopatikana Unguja haikuonyesha ipi ilibebwa kwa ujira na ipi kwa mnyororo. Katika masimulizi yake Tippu Tip anakumbuka vizuri waliomkopesha na aliofanya nao biashara. Wale 800 hakuwataja majina.