Mwendo Unaobeba Somo: Hoja ya Kuufungulia Mwili Mlango wa Darasa

Katika shule nyingi za msingi, darasa linalosifiwa ni darasa tulivu: watoto wamekaa, mikono juu ya dawati, macho ubaoni. Mwili una nafasi yake nje, kwenye mchakamchaka wa asubuhi, kipindi cha michezo na mapumziko. Kengele ikilia, hutakiwa utulie. Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Yanatetea hoja kwamba mtoto wa madarasa ya awali ya shule ya msingi hufaidika anapoutumia mwili wake ndani ya somo lenyewe, kwa sharti moja: kitendo anachokifanya kibebe dhana inayofundishwa. Kuruka kwa ajili ya kuruka kuna faida kwa afya, lakini peke yake hakufundishi hesabu.

Ushahidi mzito unatoka Uholanzi, ambako watafiti waliwafuatilia watoto 499 wa umri wa miaka 8 hivi kwa muda wa miaka 2. Mara 3 kwa wiki, katika wiki 22 za kila mwaka, kundi moja lilijifunza hisabati na lugha likiwa limesimama na kuchangamsha viungo. Swali likiwa 2 × 3, mtoto aliruka mara 6. Neno likitajwa herufi kwa herufi, kila herufi ilipata mruko wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Pediatrics. Watoto hao waliwapita wenzao katika hisabati na tahajia, lakini katika kusoma hapakuwa na tofauti. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo kati ya masomo ina maana kubwa. Mruko mmoja kwa herufi moja unaonyesha jinsi herufi zinavyofuatana ndani ya neno, ila hauonyeshi maana ya aya. Mwendo ulisaidia pale ulipofanana na kile kilichofundishwa.

Jimbo la Kansas, Marekani, linatupa funzo la upande wa pili. Huko walimu walilenga dakika 100 za masomo ya mwendo kwa wiki kwa miaka 3, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 hayakuonyesha ongezeko la ufaulu. Ufaulu haukushuka pia, kwa hiyo hofu kwamba mwendo unakula muda wa masomo haina msingi. Hata hivyo, matokeo hayo yanaonya kwamba kuhesabu dakika hakutoshi. Onyo jingine linatoka Denmark, nchi ambayo mageuzi yake ya mwaka 2014 yaliitaka kila shule iwape watoto wastani wa dakika 45 za mwendo kwa siku. Katika utafiti mmoja wa huko uliodumu wiki 6, hisabati iliyofundishwa kwa mwendo wa mwili mzima iliwanufaisha watoto wenye uwezo wa kawaida, lakini waliokuwa nyuma hawakupata nafuu hiyo. Anayeutangaza mwendo kuwa dawa ya kila tatizo anawapa walimu ahadi isiyotimizika.

Wala si lazima mwendo uwe mkubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake waliwapa watoto wa darasa la tatu na la nne milinganyo ya aina ya 4 + 3 + 6 = __ + 6. Baadhi yao walifundishwa kupitisha mkono wa kushoto chini ya upande wa kushoto wa mlinganyo, kisha wa kulia chini ya upande wa kulia. Wiki 4 baadaye, hao ndio waliokumbuka zaidi kuliko waliofundishwa kwa maneno matupu. Ishara ile ilikuwa dhana yenyewe: pande mbili zenye thamani sawa.

Pingamizi kubwa kwetu Afrika Mashariki ni msongamano. Tangu ada zilipofutwa nchini Kenya mwaka 2003, na michango ya lazima nchini Tanzania mwaka 2016, watoto wamemiminika shuleni kupita uwezo wa vyumba na madawati. Mwalimu ana haki ya kuuliza: watoto themanini waruke wapi? Jibu langu ni kwamba darasa lililojaa ndilo linalouhitaji mwendo zaidi, kwa sababu mwendo humwonyesha mwalimu kosa papo hapo, kabla hajabeba rundo la madaftari kwenda kuyasahihisha nyumbani.

Chukua 12 − 7. Daftarini, mtoto ameandika 6, akawekewa alama ya kosa. Mpeleke uwanjani kwenye mstari wa namba uliochorwa kwa kijiti, asimame kwenye 12. Anasema "moja" kabla hajainua mguu, akihesabu pale aliposimama, na anapotaja "saba" yuko kwenye 6, baada ya hatua sita tu. Sasa mwalimu ameona tatizo: mtoto anajua kutoa, ila hajui kwamba kinachohesabiwa ni hatua.

Kusoma silabi nako kunafaa kufundishwa kwa mwendo, tena bila kutoka darasani. Watoto wanasimama kando ya madawati, wanafumba macho ili mtu asimwige jirani, wanakanyaga chini mara moja kwa kila silabi. "Mtu" lina vishindo viwili, m-tu. "Mbuzi" nalo viwili, mbu-zi. Aliyeitenga m ya mbuzi atakanyaga mara ya tatu, na kishindo chake kitasikika darasa zima likiwa kimya.

Kazi hii haihitaji vifaa vya kununua. Inahitaji vyuo vya ualimu vimfundishe mwanachuo kuchagua kitendo kwa makini kama anavyochagua mfano wa ubaoni. Inahitaji pia wathibiti ubora wa shule waache kuuona ukimya kuwa ndio nidhamu. Kwenye andalio la somo, mbele ya kila kitendo cha mwili, liwepo swali moja: kitendo hiki kinaonyesha nini katika dhana ya leo? Kisipokuwa na jibu, kiachwe kwa kipindi cha michezo. Kikiwa nalo, mwalimu asizuiwe kukitumia kwa sababu tu darasa lake litasikika hadi ofisini.