Mkojo kuvuja si uzee: misuli ya nyonga kwa mwanamke aliyepita arubaini

Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi Kawangware, na matatu ndiyo inayonipeleka mjini. Mwaka jana, magari yamekwama Hurlingham, nilipiga chafya nikahisi nguo imelowa. Nilishuka mjini nikatafuta choo cha kulipia kabla ya kuthubutu kuingia Msikiti wa Jamia kuswali adhuhuri. Tangu siku hiyo nikawa sinywi maji asubuhi.

Kliniki moja niliyoiendea iliniambia ni umri, nizoee. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifumbua macho.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandwa mithili ya kitanda cha kamba, toka mfupa wa mbele mpaka kifupa cha mkia. Juu yake kumekaa kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Uzazi huinyoosha. Kisha, kwa wengi wetu katika miaka ya arubaini, homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka, hedhi inavurugika, na mwishowe homoni hiyo hupungua. Ngozi laini ya njia ya mkojo nayo hukonda. Hedhi huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, lakini kuvuja kwaweza kuanza mapema zaidi.

Kitanda kikilegea, kamba hukazwa. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ukivuta juu, hesabu mpaka tano, kisha achia kabisa kwa muda uleule. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku, na polepole ufikie hesabu ya kumi. Matako na mapaja yasikazwe, pumzi isibanwe. Usifanye mazoezi ukiwa unakojoa. Ukihisi chafya inakuja, kaza kwanza. Waweza kufanya ndani ya matatu, hakuna atakayejua. Ila yataka subira ya miezi mitatu hivi, na wengi huacha wiki ya pili.

Mama zetu walitufunga tumbo kwa kanga siku arubaini za uzazi. Ni ada njema, lakini misuli ya chini haipati zoezi kwa kufungwa.

Kuacha maji nilikosea: mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kikikauka, kule kujikamua ndiko kunakoilegeza misuli. Kilichofaa kupunguzwa ni kahawa na chai ya rangi.

Na swala? Katika madhehebu yetu ya Shafii, anayevuja mfululizo hujisafisha, hujifunga, akatawadha wakati ukishaingia, kwa kila faradhi. Wa chafya ya mara moja huosha mwili na nguo palipopata mkojo, kisha hutawadha upya. Kuacha swala kwa haya si ruhusa.

Usingoje mazoezi ukiona damu kwenye mkojo, uvimbe unaotokeza ukeni, mkojo unaotiririka bila kukatika, au damu baada ya hedhi kukoma. Anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina madaktari wa wanawake na idara ya fiziotherapia. Na ukimtaka mtaalamu mwanamke, sema pale pale unapojiandikisha.